Inchi Moja na Nusu

Kibao kilikuwa cha bati, kimepigiliwa juu ya mlango wa banda ambalo zamani lilikuwa duka la mkaa, kando ya barabara kuu inayopita Same. Maandishi yake yalikuwa ya rangi nyeusi: LUKIA MSHANA, FUNDI MAGARI. Madereva wa malori walipunguza mwendo ili wahakikishe wamesoma sawasawa. Wengine walisimama kabisa, wakauliza fundi mwenyewe yuko wapi. Lukia alijivuta kutoka chini ya gari alilokuwa akilitengeneza, akajifuta mikono kwa tambara, akasema, "Ni mimi." Baadhi yao waliomba maji ya rejeta tu, wakashukuru, wakaenda zao.

Hiyo ilikuwa mwaka 1993. Lukia alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na kwa miaka ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa amefanya kazi katika karakana ya umma. Aliingia kama mfagizi. Alitoka akiwa na cheti cha ufundi daraja la kwanza, baada ya karakana kufungwa na wafanyakazi kuambiwa kwamba wamepunguzwa. Wenzake walirudi shambani. Yeye alibeba sanduku lake la spana, akakodi banda la mkaa, akaandika kibao.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gereji ya Jabiri. Jabiri alikuwa kijana wa mjini, mcheshi, mwepesi wa kazi, na biashara yake ilikua pamoja na pikapu za Kijapani zilizoanza kumiminika nchini tangu milango ya biashara ilipofunguliwa. Alikuwa na vipuri vipya rafuni, ndani ya maboksi yake. Kitu kikiharibika alikitoa, akaweka kingine. Lukia alikuwa amejifunza kazi katika miaka ambayo rafu zilikuwa tupu, na kitu kikiharibika ulikaa nacho mpaka kikwambie kimeharibikaje.

Siku ya Jumanne, mwezi wa Agosti, Tumainieli alivuka barabara akitokea kwa Jabiri. Alikuwa mtoto wa marehemu Mzee Sebastiani wa Bombo, kijiji cha kule milimani, na alifanya kazi Arusha. Jabiri alimfuata nyuma, akitafuna muwa.

"Dada Lukia," Tumainieli alisema, "nimekuja kukuaga kwa niaba ya Babu."

Lukia alishtuka, kisha akaelewa. Babu lilikuwa gari. Lilikuwa gari la Kiingereza la mwaka 1931, ambalo Mzee Sebastiani alilinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa akirudi kwao, na lilikuwa la kwanza kupanda Bombo kwa nguvu zake lenyewe. Lilibeba wagonjwa, maharusi, majeneza na kahawa. Watu wa Bombo waliokuwa na miaka arobaini, wengi wao safari yao ya kwanza kushuka tambarare waliifanya ndani ya Babu.

"Limekufa?" Lukia aliuliza.

"Heri lingekufa. Mwezi uliopita lilimshinda dereva kwenye kona, likaingia kwenye migomba na mama yangu ndani. Migomba ndiyo iliyomwokoa, chini yake ni korongo. Na huyu bwana amelitengeneza mara tatu."

"Mama, shikamoo," Jabiri alisema.

"Marahaba, Jabiri. Umelifanya nini?"

"Niulize nisilolifanya. Bushi za kingipini mpya. Tairodi mpya. Matairi mapya. Sanduku la usukani nimelikaza mpaka basi. Kilichobaki ni kulisomea dua."

"Kabla ya dua kuna futi. Ulilipima?"

"Nilipime nini, mama? Gari la mwaka thelathini na moja! Ukilipima utakuta limechoka."

Waliokuwa wamekaa kwenye benchi la muuza kahawa walicheka. Tumainieli hakucheka. Alisema lori la vyuma chakavu kutoka Moshi lingefika Same Jumapili saa sita mchana kuchukua mitambo ya karakana iliyofungwa, naye alikuwa amekwisha zungumza na wenyewe wapande Bombo wakamalize na Babu. Mama yake hataki, lakini yeye hawezi kulala Arusha akijua mama anapanda kwenye gari lile.

Lukia alitazama mikono yake. Gari lile alilijua. Mwaka 1985, siku za taabu, ni yeye aliyelifufua baada ya miaka miwili ya kulala bila petroli wala matairi. Kazi ile aliihesabu kuwa ndiyo bora kuliko zote alizowahi kufanya.

"Nipe mpaka Jumapili," alisema. "Saa sita mchana nitakuwa hapa nalo, nimeliendesha mwenyewe, na mama yako amekaa pembeni yangu. Lisipokwenda sawa, nashusha kile kibao."

"Aa, mama, kibao tena!" Jabiri alisema. "Kitu cha bati kama kile mimi nitakifanyia nini?"

"Utajengea kuku banda," alisema mmoja kwenye benchi, na kicheko kikaanza upya.

Jumatano alipanda Bombo.

Mama Priska, mjane wa Sebastiani, alimpokea uani. Alikuwa amepita miaka sabini, mwembamba, na jembe begani kama kawaida yake. Babu lilikuwa chini ya kibanda chake cha majani ya migomba, limeoshwa. Lukia hakufungua boneti wala kugusa spana. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akaanza kuuliza.

"Linakwenda wapi, mama, linapokataa?"

"Kushoto. Siku zote kushoto."

"Likipanda au likishuka?"

"Likipanda linanung'unika tu. Likishuka, na dereva akikanyaga breki, ndipo linapovuta."

"Lilianza lini?"

Mama Priska aliweka jembe chini. "Kusema kweli, mwanangu, sijui. Marehemu alikuwa akiliendesha kama mtu anayevuta ng'ombe wa jirani, bega lote limelalia kulia. Nilidhani ndivyo linavyoendeshwa. Alipofariki, hawa madereva wa kukodi ndio wakaanza kupiga kelele."

Lukia aliandika hayo kwenye daftari. Gari lilikuwa na ugonjwa wa zamani, na aliyekufa alikuwa ameuzoea.

Alhamisi asubuhi waliliingiza Babu kwenye ghala la ushirika wa kahawa. Kahawa sasa ilinunuliwa na watu wa makampuni waliokuja na mizani yao wenyewe, na ghala lilikuwa tupu, lakini sakafu yake ya saruji ilikuwa ndiyo sakafu pekee iliyonyooka Bombo nzima. Lukia alipiga jeki upande wa mbele. Alishika kila gurudumu juu na chini, akalitikisa, kisha kushoto na kulia. Kingipini zinazogeuzia magurudumu hazikulegea. Tairodi zinazoyaunganisha na usukani zilikuwa nzima. Sanduku la usukani Jabiri alilikaza mno, hata usukani ukawa mzito kurudi katikati, naye akalilegeza robo mzunguko. Mpaka hapo, mtu wa haki angesema kijana alifanya kazi nzuri. Aliliendesha gari hadi kanisani na kurudi. Bado lilivuta kushoto.

Basi akatoa chaki na timazi, uzi wenye kipande cha risasi nchani. Aliteremsha timazi kutoka katikati ya kila gurudumu, akaweka alama nne sakafuni, akaliondoa gari juu ya alama hizo. Kisha akanyoosha kamba ya katani kutoka alama ya mbele hadi ya nyuma, upande mmoja mmoja, na kuipima kwa futi. Upande wa kulia ulikuwa inchi mia moja na nne. Wa kushoto ulikuwa mia moja na mbili na nusu.

Alipima tena. Alimwita Mama Priska ashike ncha ya kamba, akapima mara ya tatu.

"Mbona umenyamaza?" Mama Priska aliuliza.

"Mama, ekseli ya mbele imekaa upande. Gurudumu la kushoto limerudi nyuma inchi moja na nusu. Hili gari haliwezi kwenda mbele bila kutaka kukata kushoto. Hata likiwa na usukani wa dhahabu."

Sasa ilibaki kujua kwa nini. Ekseli inashikwa na springi, na springi imeshikwa na bolti moja inayopita katikati ya majani yake yote ya chuma. Bolti hiyo ikikatika, ekseli hutembea. Lukia alifungua springi ya kushoto akitumaini kuikuta bolti imekatika. Ilikuwa nzima. Jani kuu, lile refu lenye pete ncha zote mbili, lilikuwa na herufi mbili zilizogongwa kwa patasi: L.M. Alizisugua kwa kidole gumba mpaka zikang'aa.

Jani lile lilikuwa kazi yake. Mwaka 1983 madukani hakukuwa na sabuni wala sukari, na hata jembe halikupatikana, na msimu wa mvua ulikuwa mlangoni. Mzee Sebastiani, ambaye gari lake lilikuwa limelala, alitoa jani kuu la springi ya kushoto akalipeleka kwa mfua chuma likafuliwe majembe. Miaka miwili baadaye petroli ilianza kuonekana tena, na Lukia akatengeneza jani jipya kutoka kwenye springi ya lori lililooza nyuma ya karakana. Alikata, kaka yake, ambaye ndiye mfua chuma huyo, akakunja pete, wakatoboa tundu. Wakubwa wa karakana walipoliona walimpa mkono.

Alipima jani lake sasa. Kutoka kwenye tundu hadi pete ya mbele, na kutoka kwenye tundu hadi pete ya nyuma, ilikuwa sawasawa kabisa. Tundu lilikuwa katikati. Akaenda upande wa kulia, akapima kwa nje. Huko tundu lilikuwa mbele ya katikati.

"Jabiri!" alisema kwa sauti.

"Kafanya nini?" Mama Priska aliuliza.

"Kaharibu upande wa kulia. Sijui kaweka jani la gari gani. Mtu hapimi, anakaza tu! Upande wangu ni mzima, mama. Wa kulia ndio uliosogea."

Ijumaa mchana alifungua jani la kulia na kulibeba kwa kaka yake. Nia yake ilikuwa kulipasha moto na kulitoboa tundu jipya katikati, lifanane na la kushoto. Chuma cha springi hakitobolewi kikiwa baridi.

Lukia na kaka yake Eliezeri walizaliwa katika ukoo wa Washana, ambao kufua chuma ndiyo kazi yao tangu kabla Upare haujawa na barabara. Baba yao hakumruhusu binti kushika nyundo, lakini mtoto wa kuvuta mivukuto alihitajika kila siku, na Lukia akawa huyo. Akiwa na miaka tisa aliweza kutaja joto la chuma kwa kutazama rangi yake. Eliezeri ndiye aliyerithi kiwanda cha baba, kibanda cha mawe chenye fuawe iliyochakaa katikati.

Alimkuta amekaa nje anasuka kamba. Jiko la kufulia lilikuwa limejaa majivu baridi.

"Shikamoo kaka. Hufanyi kazi?"

"Marahaba. Kazi ya nani? Majembe yako kila duka siku hizi, yamepakwa rangi ya bluu. Yanapinda kwenye jiwe la kwanza, lakini yana rangi." Alitazama alichobeba. "Hilo la Babu?"

Lukia alimweleza kila kitu, na hakusahau kumweka Jabiri mahali pake. Eliezeri alilichukua jani, akaligeuza mara mbili, akaliinua mpaka usawa wa jicho kama anayelenga bunduki.

"Hili halijaguswa na mtu," alisema.

"Jabiri..."

"Mwache mtoto wa watu. Tazama mdomo wa tundu. Hakuna nyundo wala patasi iliyopita hapa. Limetoka kiwandani hivi."

"Basi kiwanda kilikosea. Tundu haliko katikati, kaka. Nimepima."

Eliezeri akauliza jambo ambalo Lukia hakulitegemea. "Unakumbuka lile jani la kwanza la kushoto, nililolifulia majembe mwaka wa njaa?"

"Nakumbuka."

"Nililikata kwenye tundu, kwa sababu hapo lilikuwa limekwisha dhoofika. Vipande viwili. Cha mbele nikafua jembe, hilo analotembea nalo Mama Priska, hata nusu ya tundu bado inaonekana kwenye shingo yake. Cha nyuma nikafua jembe jingine la kipimo kilekile, na kikabaki kijipande. Kiasi hiki." Alionyesha kwa vidole, karibu inchi tatu. "Nikasema chuma kizuri kama hiki hakitupwi."

"Ukakifanya nini?"

"Uliza mfuko wako."

Lukia aliingiza mkono kwenye mfuko wa vyombo. Alijua kitakachotoka kabla hajakishika. Kilikuwa kisu kidogo chenye mpini wa mpera, ambacho kaka yake alimpa akitaka kumchangamsha katika mwaka ule mgumu. Kwa miaka kumi alikuwa amekitumia kukwangulia grisi, kukatia gasketi, na mara nyingine kumenyea chungwa. Jana yake alikitumia kuchongea chaki.

Alikiweka juu ya fuawe. Hesabu haikuwa ngumu. Kipande cha nyuma kilizidi cha mbele kwa inchi tatu. Kwa hiyo tundu la kwanza halikuwa katikati, wala halikukusudiwa kuwa katikati. Aliyelitoboa jipya katikati alikuwa amelisogeza nyuma nusu ya inchi tatu.

Alikumbuka vilevile alivyofanya. Mwaka ule hakuthubutu kufungua springi ya kulia aitumie kama kielelezo, kwa sababu nati zake zilikuwa na kutu, na nati ikikatika hakukuwa na nyingine mkoa mzima. Alichukua kamba ya katani, akaipima kwa urefu wa jani, akaikunja mara mbili. Ndivyo baba yao alivyokata mpini, ndivyo wazee walivyogawa zamu za maji ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba, kwa kijiti: ukikunja mara mbili, hakuna wa kulalamika. Akaweka alama mahali kamba ilipojikunja. Alipolifunga, ncha ya jani la pili, lile la chini yake lililobaki na tundu lake la asili, ilichomoza kidogo upande mmoja. Hakujiuliza kwa nini. Aliikata kwa msumeno, akaipiga tupa, akaona amefanya kazi safi.

"Jani halikuwa la kugawa nusu kwa nusu," Lukia alisema. "Liligawanywa na waliolitengeneza. Mimi nikaligawa tena."

"Jabiri ana bahati," Eliezeri alisema, akiinuka. "Hajui alivyotukanwa tangu jana." Akatazama jua. Wote wawili walikuwa Wasabato, na Sabato huingia Ijumaa jua likizama. "Zimebaki saa nne tu. Nyuma ya nyumba nina springi ya pikapu iliyopinduka Maore. Vuta mivukuto, au siku hizi wewe ni mtu wa ofisini?"

Moto ulikubali haraka kuliko walivyotarajia. Lukia alivuta mivukuto kama mtoto wa miaka tisa, akitaja rangi, na Eliezeri akipiga. Walikunja pete moja, wakakunja ya pili. Jani la kulia, lile lisiloguswa, lililala kando yao chini kama kielelezo, na safari hii Lukia hakutumia kamba. Alihamisha kila kipimo kwa bikari ya chuma, kutoka pete hadi tundu, mara mbili, kisha kaka yake akapima bila kuambiwa jibu. Tundu lilipopigwa, walilipasha jani mpaka likawa jekundu la damu ya mzee, kama baba yao alivyoiita rangi ile, wakalizamisha kwenye oili chafu. Likalia, likatoa moshi. Kisha wakalirudisha juu ya moto mdogo, polepole, Eliezeri akisugua kijiti kikavu juu yake. Kijiti kilipoanza kuteleza na kutoa cheche, akalivuta pembeni lipoe lenyewe.

"Baba angesema nini?" Lukia aliuliza.

"Angesema limechelewa miaka minane." Eliezeri alifuta jasho. "Halafu angelitazama tena, asiseme kitu. Unajua alivyokuwa."

Jua lilipogusa mlima, jani lilikuwa limefungwa ndani ya gunia.

Jumamosi hapakuwa na kazi. Lukia alikaa kanisani nyuma ya Mama Priska, akitazama mshono wa kitambaa chake cha kichwani, na mahubiri yakampita. Jambo lenyewe lilikuwa rahisi kulificha. Angeweza kusema springi ilichoka. Ni kweli springi huchoka. Eliezeri asingesema kitu, na Jabiri, ambaye hakupima, asingejua. Kibao kingebaki, na juu yake sifa.

Walipotoka, alimshika mkono Mama Priska na kumpeleka pembeni.

"Mama, lile gari nililiharibu mimi. Mwaka themanini na tano. Nilitoboa tundu mahali sipo. Ulipoingia kwenye migomba, niliyekuingiza ni mimi."

Mama Priska hakushangaa kama Lukia alivyotegemea. "Marehemu alisema."

"Alisema nini?"

"Kwamba tangu ulipolifufua lilianza kupenda kushoto. Nikamwambia amwite binti alitazame. Akasema, binti wa watu amelitoa kaburini bila kipuri hata kimoja, mimi nimpelekee malalamiko? Akaegemea kulia, akaendelea."

Lukia alijua maneno yale yalikusudiwa kumfariji. Hayakumfariji. "Angeniambia," alisema. "Miaka sita aliendesha amepinda bega. Angeniambia, mama, ningelitengeneza."

"Ndiyo," Mama Priska alisema baada ya kufikiri. "Angekwambia. Hapo alikosea." Kisha akaongeza, "Kesho tunaondoka saa ngapi?"

Jumapili kulipopambazuka Lukia alifunga springi zote mbili. Alilishusha gari kwenye sakafu ya ghala, akateremsha timazi, akaweka alama. Kulia, mia moja na nne. Kushoto, mia moja na nne. Eliezeri alipima baada yake, kisha Mama Priska akadai apime na yeye, kwa kuwa ndiye anayekwenda kukaa ndani.

Walishuka. Kwenye kona ya migomba Lukia alikanyaga breki makusudi, na Mama Priska akashika mlango. Babu lilipunguza mwendo, likakata kona, likanyooka. Kona ya pili vilevile. Kona ya tatu Mama Priska aliachilia mlango. Walipofika tambarare, kwenye kipande kirefu cha barabara ya vumbi kuelekea Kisiwani, Lukia aliinua mikono yote miwili kutoka kwenye usukani na kuiweka mapajani.

"Mikono! Lukia, mikono!"

"Tulia, mama. Tazama usukani."

Usukani ulitetemeka kwa mawe, ukarudi katikati, ukabaki hapo. Mama Priska aliutazama mpaka ng'ombe wa mbele yao walipokaribia. Halafu akacheka, akajifunika mdomo kwa kitenge, na macho yake yakalowa. "Angeendesha siku moja tu hivi," alisema.

Same walifika saa sita kasoro robo. Lori la vyuma chakavu lilikuwa limekwisha fika, minyororo imening'inia pembeni. Tumainieli alikuwa amesimama na dereva wake. Benchi la muuza kahawa lilikuwa limejaa, kwa maana habari ya kibao ilikuwa imezunguka mji. Jabiri alikuja akiwa na nyundo mkononi.

"Nimeileta ya kung'olea misumari, mama, usihangaike kutafuta."

Lukia alizima gari. Alimsaidia Mama Priska kushuka. Kisha akatoa ndani ya gunia jani la zamani lenye herufi mbili, akalishika watu walione, na kusema yote kwa sauti ambayo wa mwisho kwenye benchi aliisikia: kamba aliyoikunja, tundu, ncha aliyoikata, migomba. Akasema pia kwamba siku ya Alhamisi alimsingizia Jabiri mbele ya Mama Priska, na kwamba bushi na tairodi za Jabiri hazikuwa na kasoro.

Jabiri alikuwa na mzaha tayari mdomoni, akauacha nusu. "Kwa hiyo uliharibu mwenyewe, ukatengeneza mwenyewe, na unataka tupige makofi?"

"Usipige. Panda, uendeshe."

Jabiri alimpa mtu nyundo. Aliliendesha Babu hadi njia panda ya kwenda milimani, akageuza, akarudi kwa mwendo ambao Mama Priska hakuupenda, na mbele ya banda la Lukia akakanyaga breki kwa nguvu zote. Gari lilisimama limenyooka, magurudumu manne kwenye mstari. Alikaa humo kidogo kabla ya kushuka.

"Linarudi lenyewe," alimwambia Tumainieli, kama vile ni Tumainieli aliyebisha. "Usukani. Ukiuachia, unarudi katikati." Kisha akamgeukia Lukia. "Hiyo ya timazi, mama, unaanzia gurudumu gani?"

Tumainieli alimtazama mama yake. Mama Priska alikuwa amekwisha rudi kukaa ndani ya gari. Tumainieli akaenda kwa dereva wa lori, wakazungumza kidogo, na minyororo ikapandishwa juu.

"Na kibao?" aliuliza yule wa kwenye benchi, ambaye hakutaka siku ipite bure. "Si tulisikia kinashuka?"

"Nilisema lisipokwenda sawa," Lukia alijibu. "Limekwenda sawa. Lakini leta hiyo nyundo."

Alipanda juu ya pipa la mafuta. Chini ya kibao, mahali ambapo kila aingiaye angepaona, alipigilia misumari miwili mirefu, akalining'iniza jani lake la zamani kwa pete zake. Akaomba apewe rangi kutoka bandani, akachovya kijiti kwenye nyeupe, akazungushia tundu duara. Kisha akapima kwa futi, inchi moja na nusu kuelekea mbele, akaweka alama ya pili kwa rangi nyekundu.

Jabiri alisimama chini akisubiri, ameshika timazi na chaki. Lukia alimwonyesha kwa kidevu pikapu iliyokuwa mbele ya gereji yake.

"Tuanze na ile," alisema. "Gurudumu la mbele, kulia. Na kamba usiikunje."